Silaha Zilizomo Kichwani mwa Mchwa

Walimu wenzangu, wazee wetu mliokubali kukaa nasi alasiri hii, na ninyi wanafunzi ambao hasa ndio nimewajia: nawashukuru kwa kunipa nafasi.

Nimeombwa nizungumzie mageuko ya viumbe, na nikaachiwa nichague mfano mwenyewe. Wengi huchagua shingo ya twiga, au samaki wa Ziwa Victoria. Mimi nimechagua mchwa, na katika mchwa nimechagua kitu kidogo zaidi: tezi anazojihami nazo. Sababu yangu ni hii. Katika tezi hizo unaweza kuona waziwazi jinsi kiungo kilichokuwa na kazi moja kinavyopewa kazi nyingine, na jinsi silaha inavyomgharimu mmoja ili wengine wapone. Mambo haya mawili huenda pamoja, na ningependa mnisikilize nikiyafuata yote kwa wakati mmoja.

Tuanze na ukoo. Vitabu vingi vya zamani viliwaweka mchwa katika kundi lao peke yao. Leo ushahidi wa vinasaba na wa maumbile umeonyesha kwamba mchwa ni mende. Sisemi wanafanana na mende. Wamo ndani kabisa ya ukoo huo. Ndugu yao wa karibu zaidi aliye hai anaitwa Cryptocercus, mende wa porini wa Amerika Kaskazini na Asia, anayeishi ndani ya gogo linalooza pamoja na mwenzake na watoto wao, wakila mbao hiyo hiyo inayowahifadhi. Siafu, sungusungu na sisimizi hawahusiani nao kwa karibu hata kidogo. Hao ni jamaa wa nyigu na nyuki. Tena ndio adui wakubwa wa mchwa, na adui huyo ndiye anayeeleza sehemu kubwa ya yale nitakayosema.

Mchwa mfanyakazi ana mwili laini, wa rangi hafifu, uliojaa protini na mafuta, na wenzake ni maelfu kwa maelfu mahali pamoja. Kwa mla nyama ye yote, kichuguu ni ghala. Ndiyo maana askari walitokea mapema sana katika historia ya mchwa. Kaharabu kutoka Myanmar, yenye umri wa karibu miaka milioni 100, imehifadhi mchwa askari wenye vichwa vikubwa na taya ndefu, walionaswa katika utomvu wa miti wakati dinosaria bado wakitembea duniani. Askari hazai. Hawezi hata kujilisha, kwa kuwa taya zake hazifai tena kutafuna. Wafanyakazi humtilia chakula kinywani. Mwaka 1859 Charles Darwin aliona kwamba wadudu wasiozaa ni mtihani mgumu kwa nadharia yake: sifa ya mnyama asiye na watoto inarithishwaje? Jibu alilolipata, na ambalo baadaye liliwekwa katika hesabu kamili, ni kwamba uteuzi wa asili unaweza kufanya kazi juu ya familia nzima. Wazazi wanaotoa askari wazuri ndio ambao kumbikumbi wao wataruka mvua zikianza na kuanzisha makao mapya. Askari ni kiungo cha kichuguu.

Shikeni wazo hilo, halafu tuingie kwenye tezi zenyewe.

Mende ana tezi za mate kifuani. Humsaidia kulainisha na kumeng'enya chakula, na mchwa walizirithi. Katika wafanyakazi zimebaki na kazi yake ya zamani, lakini zimeongezewa kazi moja ambayo mimi naiona ya ajabu. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba mate ya wafanyakazi wa spishi nyingi za mchwa yana kemikali iitwayo haidrokwinoni. Mfanyakazi akipata mbao nzuri huiachia mate, na wenzake wakiigusa kemikali hiyo hukusanyika na kuanza kutafuna mahali hapo hapo. Ni ishara ya chakula. Walioijaribu waliikuta ikifanya kazi hata kwa Mastotermes darwiniensis wa kaskazini mwa Australia, spishi pekee iliyobaki ya tawi lililojitenga mapema kuliko yote katika mti wa ukoo wa mchwa.

Sasa iondoleeni haidrokwinoni hidrojeni zake mbili, yaani ioksidisheni. Mnapata benzokwinoni, ambayo ni sumu. Inaunguza, inawasha, na inashikamana na protini na kuziharibu. Askari wa Mastotermes huyo huyo hutoa benzokwinoni katika mate yake. Ikichanganyika na protini za mate hugeuka kitu cheusi, kizito, chenye kuvutika kama mpira, kinachomnasa adui anayeng'atwa. Askari wa baadhi ya mchwa wanaojenga vichuguu vikubwa vya udongo barani Asia na Afrika nao wana kwinoni, kemikali za jamii hiyo ya benzokwinoni, katika mate.

Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, naomba mtulie hapa kidogo. Umbali kati ya ishara inayosema njooni tule na sumu inayoua ni hatua moja ya oksidishaji. Hapakuwa na haja ya tezi mpya, wala mfereji mpya, wala kemikali ya kigeni. Mate yalikuwapo. Kilichobadilika ni nani anayatoa, kiasi gani, na yakiwa katika hali gani. Mtu akiwauliza mageuko hufanyaje kazi, mjibuni kwa mfano huu.

Lakini nisingekuwa mkweli kwenu kama ningesema kila kitu kilitokana na kilichokuwapo. Kuna tezi moja ambayo haina asili inayoonekana kwa mende wala kwa mdudu mwingine ye yote. Ni tezi ya paji. Ni kifuko kilichoundwa na seli za ngozi ya kichwa, na katika makundi mengi hufunguka kwa tundu dogo katikati ya paji la uso. Mchwa wa matawi ya zamani hawana. Inaonekana tu katika tawi la baadaye, lile linalojumuisha mchwa wa ardhini waharibifu wa majengo na familia kubwa kuliko zote, Termitidae, ambayo ndiyo yenye vichuguu vyetu vingi. Tezi hiyo ikishatokea, kila kundi likaanza kuitumia kivyake, na hapo ndipo utajiri wa habari yetu ulipo.

Askari wa Coptotermes, mchwa anayeogopwa na wenye nyumba za mbao katika nchi nyingi za joto, ana tundu pana juu ya kichwa. Akiguswa hutoa maji meupe mazito yanayogandamana na kumfunga adui miguu. Kifuko chake hakitoshi kichwani; kinaenea hadi tumboni. Prorhinotermes, mchwa wa visiwani na pwani, wana kitu kingine kabisa. Mwaka 1974 wanakemia wa Prague waligundua katika tezi yao mnyororo wa kaboni wenye kundi la nitro, kemikali ya aina ambayo haikuwahi kupatikana kwa mdudu ye yote kabla ya hapo. Ikimgusa sisimizi huingia mwilini na kumuua. Askari wakubwa wa Macrotermes subhyalinus, tulio naye hapa Afrika Mashariki, hutumia tezi ya paji kwa namna ya utulivu zaidi: hutoa mafuta, haidrokaboni ndefu tu, zisizo na sumu kali. Taya hukata gamba la sisimizi, mafuta huingia kwenye jeraha, na jeraha halifungi. Sisimizi hufa kwa kupoteza maji ya mwili wake.

Kwa nini askari hao wasijidhuru wenyewe, na wasiwadhuru wafanyakazi waliosimama bega kwa bega nao gizani? Swali hili lilipata jibu lake zuri kupitia mchwa wa kwetu. Schedorhinotermes lamanianus anaishi katika misitu ya Afrika Mashariki. Askari wake wadogo wana mdomo wa juu uliorefuka ukawa kama brashi, nao huupaka mwili wa adui ketoni zenye sumu kali zinazoshika protini. Mwaka 1981 ilionyeshwa kwamba wafanyakazi wa spishi hii wana vimeng'enya vinavyoibadilisha ketoni ile kuwa aina isiyo na makali, kisha huivunjavunja na kuitumia kama kirutubisho. Silaha na kinga yake vilikua pamoja ndani ya kundi moja. Askari ndiye mwenye sumu na mfanyakazi ndiye mwenye dawa. Huwezi kumchukua mmoja wao na kudai umeielewa silaha ile.

Nije sasa kwa mchwa ninayempenda kuliko wote, na nitakaa naye kwa muda.

Mnapotembea katika nyika zenye majani mafupi, za Kajiado, za Serengeti au za kati ya Tanzania, mtaona vichuguu vidogo vya mviringo ambavyo havizidi sana urefu wa goti. Vingi vyao ni vya Trinervitermes, mchwa wakata nyasi. Usiku hutoka, hukata nyasi kavu vipande vifupi na kuviweka ghalani. Askari wao hana taya za kutisha. Taya zimesinyaa mpaka hazina maana. Kichwa chake kimekuwa chupa: nyuma ya mviringo, mbele imechongoka na kuwa pua ndefu yenye tundu nchani. Karibu kichwa kizima kimejaa tezi ya paji. Haoni. Anamsikia adui kwa mitikisiko na kwa harufu, anageuza pua, na kurusha uzi mwembamba unaofika sentimita kadhaa.

Anaurusha kwa kutumia nini? Hili ndilo lililonifanya nimpende. Misuli iliyokuwa ikifunga taya haikupotea taya ziliposinyaa. Imebaki kichwani, na ikijikaza hukamua kifuko cha tezi. Msuli wa kung'ata umekuwa msuli wa kurusha. Mababu zake walipitia hatua ambamo taya na tezi vilitumika pamoja, na tunajua hatua kama hiyo inawezekana kwa sababu Amerika Kusini wako mchwa, Syntermes na jamaa zao, ambao askari wao wana taya kubwa zinazong'ata na pua fupi vilevile. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba hao na kundi la Trinervitermes hawakurithi pua moja. Pua imetokea zaidi ya mara moja, katika matawi tofauti, kutokana na paji lile lile lenye tundu.

Kilichomo ndani ya chupa hiyo ni ulimbo, unaonata kama ule ambao watoto wa vijijini hutegea ndege, ila umeyeyushwa katika kimiminika chepesi chenye harufu ya tapentini. Sehemu nyepesi ina painini, kemikali ile ile inayonukia katika utomvu wa misonobari. Ikiruka hewani inawaita askari wengine. Ikikauka inaacha nyuma sehemu nzito, dayaterpeni, zinazomganda sisimizi vipapasio na miguu hadi ashindwe kutembea, na zinazomuwasha.

Muundo wa dayaterpeni hizo ulifumbuliwa kwa kutumia mchwa wa Kenya. Mwaka 1970 Profesa Thomas Odhiambo alianzisha Nairobi kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, akiamini kwamba sayansi ya wadudu wa Afrika inapaswa kufanywa Afrika na kwa kiwango cha juu kabisa. Miongoni mwa wanakemia waliofanya kazi kupitia kituo hicho walikuwa Koji Nakanishi na kijana wa wakati huo Glenn Prestwich. Walikusanya askari wa Trinervitermes kwa wingi, wakatoa kilichomo vichwani mwao, na mwaka 1976 walichapisha muundo wa molekuli ambayo mpangilio wake wa pete tatu haukuwa ukijulikana kokote. Familia hiyo ya molekuli ikapewa jina kutokana na jenasi ya mchwa wenyewe. Baadaye ilithibitishwa kwamba askari huzitengeneza mwanzo hadi mwisho ndani ya miili yao; hazitoki kwenye mmea wanaokula. Mdudu mwenye ukubwa wa punje ya mchele, anayekula nyasi kavu, anaunda pete za kaboni ambazo mkemia mwenye maabara kamili huhangaika kuziunda. Ninawaambia vijana wa shule hii: ugunduzi huu una anwani ya Afrika Mashariki, na ni haki yenu kuujua na kuuringia.

Je, silaha hiyo inafaa? Muulizeni fisi mdogo. Mnyama huyu, mwenye mistari kama ya fisi milia, ni wa familia ya fisi, lakini magego yake yamepungua na kuwa vipande vidogo visivyovunja chochote. Chakula chake ni mchwa, na hasa Trinervitermes. Mwaka 1972 watafiti Hans Kruuk na W. A. Sands waliandika kuhusu mlo wake hapa Afrika Mashariki. Hachimbi. Husikiliza, huwakuta mchwa juu ya ardhi wakikata nyasi, na kuwalamba kwa ulimi mpana wenye mate mazito. Usiku mmoja anaweza kula hadi 300,000. Anazistahimili terpeni, yaani kemikali hizo za ulimbo, ambazo wanyama wengine huzikimbia. Hata hivyo hamalizi kundi. Anapowalamba wafanyakazi, wao hurudi shimoni na askari hujitokeza. Kadiri dakika zinavyokwenda, kila ulimi unachukua askari wengi na wafanyakazi wachache, na ulimbo unazidi. Anaacha, anahamia kundi jingine. Askari wengi wameliwa, lakini kichuguu kiko salama na kesho usiku kitakata nyasi tena. Ushindi wa mchwa hapa haumaanishi adui afe. Unamaanisha mlo ule usimpendeze tena mapema iwezekanavyo.

Ndiyo sababu kundi hili huweka askari wengi. Katika mchwa wengi askari ni wachache, pengine mmoja katika kila ishirini au chini ya hapo. Kwa wenye pua mara nyingi huzidi mmoja katika kila kumi. Askari asiye na taya kubwa ni mdogo na wa bei nafuu kumlea, na kemikali ndiyo inayofanya kazi. Basi unaweza kuwa nao wengi na kuwapoteza wengi.

Nimetaja bei, na sasa niende hadi mwisho wa hesabu hiyo, mahali ambapo silaha ni mwili wenyewe.

Katika misitu ya Guiana ya Ufaransa yuko mchwa aitwaye Neocapritermes taracua. Mwaka 2012 timu ya watafiti ilieleza kwamba baadhi ya wafanyakazi wake, hapo sikusema askari, wana madoa mawili ya buluu mgongoni, mahali kifua kinapoungana na tumbo. Madoa hayo ni vifuko vya fuwele. Wakishikwa na adui hupasuka, na tone linalowatoka huwa na sumu na la kunata. Watafiti walipopima taya za wafanyakazi hao waligundua kwamba wenye fuwele kubwa ndio wenye taya zilizochakaa zaidi. Ni wazee. Fuwele hukusanyika taratibu kadiri mfanyakazi anavyozeeka, na anavyozidi kushindwa kutafuna ndivyo anavyozidi kuwa hatari. Mfanyakazi kijana anahitajika kazini. Mzee ambaye taya zimekwisha anaweza bado kulipa kitu kikubwa, mara moja.

Na fuwele hizo ni nini? Ni protini yenye shaba ndani yake, na shaba ndiyo iliyoipa rangi ya buluu. Ni kimeng'enya cha jamii ya lakase. Kazi yake ni kuoksidisha. Mwili unapopasuka, tezi za mate hupasuka pia, mate yanakutana na fuwele, na katika mate hayo imo haidrokwinoni, ile ile ya chakula, ambayo kimeng'enya huigeuza mara moja kuwa benzokwinoni. Kwa hiyo baada ya mamilioni ya miaka, baada ya mapaji na mapua na ulimbo, mzee wa Neocapritermes amerudi kwenye mate ya mende, akiyabeba bila madhara upande mmoja wa mwili na kimeng'enya upande mwingine, vikitengwa na ngozi nyembamba ambayo ataipasua siku moja tu.

Afrika nayo ina wake. Chini ya udongo wa misitu na mashamba yetu wako mchwa wa kundi la Apicotermitinae ambao hawana askari kabisa. Mababu zao walikuwa nao, kisha wakawapoteza. Sands, yule niliyemtaja kwa habari ya fisi mdogo, mwaka huo huo wa 1972 alichapisha kazi kubwa juu ya mchwa hao wa Afrika wasio na askari. Katika spishi kadhaa za kundi hilo wafanyakazi hupasuka tumbo wanapobanwa na sisimizi katika njia nyembamba, na vilivyomo humnasa adui na kuziba njia kwa wakati mmoja. Ulinzi umehama kutoka kwa tabaka moja maalumu na kugawiwa wafanyakazi wote. Nawaomba walimu wenzangu tusichore tena ubaoni ngazi inayoanzia taya, ikapanda kwenye sumu, ikaishia kwenye pua ya kurushia. Askari walipatikana na wakapotea. Taya zilikua na zikasinyaa. Tezi ya mate iliachwa, ikarudiwa. Kila hatua ilipimwa kwa swali moja la kifamilia: je, kumbikumbi watakaoruka mwaka huu watakuwa wengi zaidi au wachache zaidi?

Kwa wanafunzi, kazi yenu ni hii, na mwalimu wenu amekubali kuisimamia. Jioni, jua likiwa limeshuka, tafuteni kichuguu kidogo cha nyikani. Toboeni tundu lisilozidi upana wa kidole, kisha msiguse tena. Hesabuni sekunde hadi askari wa kwanza atokee. Angalieni kama wamepanga vichwa kuelekea nje, na kama ni wa ukubwa mmoja au miwili. Leteni kioo safi cha hadubini karibu na tundu, mwaguse kwa unyasi, kisha kinuseni kioo na mkitazame chini ya lenzi: nyuzi mtaziona. Andikeni pia ni baada ya muda gani wafanyakazi wanafika na udongo, na askari wanasimama wapi wakati tundu linazibwa. Leteni daftari zenu, tutazisoma pamoja.

Asanteni kwa kunisikiliza. Nipo tayari kwa maswali.